Niliosha Tangi la Samaki, Mkwe Wangu Akahama Nyumba

Kwako Shangazi Jael wa gazeti,

Pokea salamu za mzee ambaye hajawahi kuandika barua ya namna hii tangu azaliwe, na nakuita Shangazi kwa sababu gazeti linakuita hivyo, ingawa kwa ile picha yako ya pembeni mimi nina umri wa kukuoza na kula mahari yako, lakini leo sina nguvu ya kumtania mtu, nimekwama, naomba msaada. Shule niliishia darasa la nne, nalo nilirudia, kwa hiyo nivumilie nikienda mbio, nikisimama katikati nitaghairi na kuichana. Majina ya watu nimeyabadilisha yote isipokuwa la paka, paka hasomi gazeti.

Nina binti anaitwa Mweri, ameolewa na mtu wa bara, Erastus, kwao Bungoma, ni karani katika yadi ya makontena, wanakaa Miritini kwenye nyumba ya kupanga, na mimi kwangu ni Kisauni. Huyu Erastus ni mpole mpaka anakera. Ukimtania hacheki wala hakasiriki, anasema "sawa baba" na kuendelea na lake. Kwetu sisi Wagiriama mkwe na mkwe huheshimiana, baba mkwe hajibizwi, na yeye naona kwao ni vivyo hivyo au zaidi, maana miaka sita hii sijamsikia akinikatalia neno hata moja, na mimi Shangazi maneno ya kukataliwa ninayo mengi.

Mwaka jana Mweri alijifungua mtoto wa miezi saba ambaye hakulia. Hapo sitaki kuandika mengi. Siku mbili Mweri yuko hospitalini, Erastus alizichukua nguo zote za mtoto zilizokuwa zimeshanunuliwa, akazifunga ndani ya sanduku akalipeleka kwa rafiki yake Lenox, akidhani anampunguzia mkewe uchungu, na Mweri aliporudi akafungua kabati akakuta tupu. Ndilo kosa pekee la Erastus ninalolijua, lakini lilikaa ndani ya nyumba ile kama mgeni asiyeondoka, mwanamke hali, hasemi, anatazama ukuta, ndipo Erastus akaja na wazo la samaki.

Alimwendea fundi wa vioo akamtengenezea tangi refu kama mkono wangu na nusu, akaliweka sebuleni juu ya meza imara mbali na dirisha, akatia kokoto, akatia majani ya majini, akatia pampu ndogo ya kupuliza hewa inayopita kwenye sponji, akajaza maji. Halafu basi. Samaki hakuna. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila nikienda kuwajulia hali nakuta maji yanatoa mapovu ndani ya kioo na Erastus ameketi anayatazama kama habari za saa moja.

"Erastus," nikamwambia, "wenzio hufuga kuku, wewe umefuga maji?"

"Yanakomaa kwanza, baba."

"Yanakomaa kama ndizi?"

"Sawa baba."

Mweri akacheka kule jikoni, kicheko chake cha kwanza tangu hospitali, nami kwa kusikia kile kicheko nikajiona bingwa, nikawa kila nikienda ni utani juu ya yale maji, nikampa Erastus jina la Bwana Samaki Hewa, na hata wiki ya tano samaki walipokuja kweli sikuacha.

Walikuwa kumi na mmoja, wadogo kama kidole cha mwisho, mikia yao mipana yenye rangi kama leso zilizofunguliwa siku ya harusi. Mweri alianza kuketi pale kila jioni. Akaanza kula. Akaanza kuniambia yupi mchokozi na yupi mwoga. Halafu siku moja akanipigia simu saa za mchana, sauti ambayo nilikuwa nimeshaizika, "Baba, wamezaa!" Kumbe samaki wale hawatagi, huzaa watoto wazima, na watoto wenyewe ni kama kope za macho, wamejificha kwenye majani, usipoambiwa huwaoni. Mweri aliwahesabu kumi na tisa.

Siku mbili baada ya hapo mama mdogo wa Erastus akafariki kule Bungoma, wakawa hawana budi kwenda siku tisa, na mimi nikajitolea kulinda nyumba. Erastus akaniandikia karatasi akaibandika kwenye kioo, mwandiko wa karani, wazi kabisa: Chakula kidogo sana mara moja kwa siku. Pampu isizimwe. Maji yakipungua ongeza ya pipa la buluu tu. Usioshe kitu. Hilo la mwisho alilipigia mistari miwili. Asubuhi ya kuondoka akaongeza maji kidogo na kudondosha matone ya kichupa fulani, nikamuuliza ni kitu gani, akasema ni ya kuondoa ile klorini ya maji ya mfereji, nikamwambia samaki wako wanakunywa dawa kuliko mimi mwenye presha, akasema sawa baba.

Siku ya tatu nikamkaribisha Bi Kache. Huyu ni mjane wa mlango wa pili hapo hapo Miritini, mpishi wa mahamri, na sitakuficha Shangazi, nilitaka anione nimekaa sebuleni kwa watu na samaki wangu. Akaja na paka wake Dhahabu kwapani, akainama mbele ya kioo.

"Samaki hawa wanaliwa na nini?" akauliza.

"Hawaliwi, Bi Kache. Wanatazamwa."

"Kumbe kama wewe."

Nikacheka, lakini liliingia. Halafu akatia kidole ndani ya tangi akakitoa akakisugua na gumba, akakunja uso. "Mzee, mna utelezi humu. Na hayo mawe yameota kama ulimi wa mgonjwa. Binti yako anajua unawalaza samaki wake kwenye kamasi?"

Alipoondoka nikavua shati. Niliwachota wale kumi na mmoja nikawatia kwenye beseni, nikayamwaga maji yote ya tangi mtaroni, nikachukua sabuni ya kipande na brashi ya kufulia nikasugua kioo, nikasugua mawe moja moja, nikasugua majani, na ile sponji nikaifua kama soksi mpaka maji meusi yakaisha. Nilifanya kazi ile siku nzima, mgongo unaniuma, naimba. Siku hiyo mfereji ulikuwa umetoka, nikajaza maji mapya yanayonuka dawa tokea huko yanakotoka, na kwa kuwa wasichana wa afya walikuwa wamepita asubuhi na vichupa vya dawa ya maji, wakasema maji yote ya nyumba yatiwe kwa sababu ya maradhi ya tumbo, nikatia kifuniko kimoja kama walivyosema, na kingine cha mapenzi. Nikawarudisha samaki, nikawavunjia kipande cha hamri, nikakaa nikitazama. Tangi lilimeta kama kioo cha kinyozi. Nilijipongeza kwa sauti.

Saa kumi na mbili jioni simu ikalia, Mweri, kama kila jioni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Wadogo wangapi leo?"

Moyo ulinishuka mpaka kwenye ndara. Wale wadogo, Shangazi. Sikuwakumbuka. Nilipokuwa nachota wakubwa macho yangu haya hayakuona kitu kingine, na maji nilishayamwaga na mtaro ulishakauka.

"Wengi," nikasema. "Wananishinda kuhesabu."

"Jaribu, baba."

"Kumi na wanne."

"Jana si ulisema kumi na tisa?"

"Wengine wamejificha, si unawajua watoto." Akacheka, akamwambia Erastus pembeni, "Baba anasema wamejificha," na mimi nikakata simu nikasingizia mtandao.

Asubuhi yake wale kumi na mmoja walikuwa wanaelea ubavu. Nilimwita Dhahabu nimpe, angalau apate faida mtu mmoja, yule paka akamnusa wa kwanza, akapiga chafya, akaniangalia, akaondoka zake. Nikawafukia nyuma ya bafu. Na jioni zote zilizobaki, siku tano, simu ikilia nilimhesabia binti yangu watoto ambao hawapo. Siku nyingine kumi na watano, siku nyingine kumi na sita. Mara moja nilimwambia kuna mmoja ameanza kupata rangi ya mkia, sijui kwa nini niliongeza hilo, hakuuliza.

Waliporudi Mweri alikwenda kwenye tangi kabla hajatua mkoba. Nikasema walikufa jana, ghafla, wote. Alipiga magoti pale chini, hakulia kwa sauti. Erastus akaitazama ile karatasi yake, akaingiza mkono akaichomoa sponji akainusa. Ilikuwa inanuka sabuni, hata mimi nilipokuwa nimesimama niliisikia. Akaniangalia.

Shangazi, hapo ndipo ningesema. Badala yake mdomo wangu huu, uliozoea kumrushia Erastus kila kitu, ukasema, "Si umuulize mumeo, mimi nilimwona akitia dawa ya kichupa siku mnaondoka." Nilisema kwa sauti ileile ya utani. Haki ya Mungu nilitaka tu lile jicho la Erastus liniondokee.

Mweri akageuka. "Erastus, ulitia dawa?"

"Nilitia."

"Dawa gani?"

"Ya maji." Akaniangalia tena. Mimi nikaangalia feni. Feni yenyewe ilikuwa haizunguki.

"Nguo ulizificha," Mweri akasema, "na hawa umewaua. Kila kitu changu kikiwa kidogo wewe hukiondoa."

Erastus alikuwa na ile sponji mkononi. Neno moja tu, harufu tu, angesema "nusa", yangekwisha. Alisema, "Pole, Mweri." Basi. Baada ya siku mbili akachukua mkoba akahamia kwa Lenox, huko upande wa Airport, na mlangoni akanipa shikamoo yangu kama kawaida, akaniambia, "Baba, pampu isizimwe hata kama ni tupu."

Ikawa Mweri hawezi kukaa peke yake, akaniomba nibaki. Nikaenda dukani nikamnunulia samaki sita kumfariji. Wakafa baada ya siku nne, na Mweri anasema ni ile dawa ya Erastus, bado imo ndani ya kioo. Sasa ni wiki ya tatu. Ninalala ndani ya nyumba ya Erastus, ninakula kwenye sahani ya Erastus, na binti yangu ananiambia, "Angalau wewe upo, baba." Chakula hakishuki.

Nimewaza hivi. Unifundishe namna ya kulifanya tangi lipokee samaki wasife, niwatie wengi, wazae, halafu nimwambie Mweri kwamba ni Erastus aliyewaleta kwa siri. Atafurahi, atamwita arudi, na habari yangu mimi itafukiwa pale nyuma ya bafu. Au kuna ulazima wa kusema? Nina umri wa miaka sabini na mmoja. Nitamtazamaje mkwe wangu usoni na kumwambia nimemwonea, mimi baba?

Ni mimi niliyekosa,
Mzee wa Miritini kwa sasa

*

SHANGAZI JAEL ANAJIBU

Mzee wangu, mahari yangu ilishaliwa na wenyewe, tuliache hilo.

Pole. Naanza na pole kwa sababu najua ulivyokuwa unaimba ulipokuwa unasugua yale mawe. Mtu hasugui siku nzima na mgongo mbovu kwa kumchukia mwanawe. Kuwaua wale samaki si dhambi yako. Wanaoanza kufuga karibu wote huua kundi lao la kwanza, na wengi huua kwa usafi. Kama ungeishia hapo ningekuandikia mistari mitano na kukucheka kidogo.

Lakini hukuishia hapo, na sasa nikusute. Uliona kwamba Erastus amejua. Uliona kwamba hatasema, kwa sababu wewe ni baba mkwe na hujibizwi. Ukajificha nyuma ya heshima yake. Ile heshima alikupa yeye, Mzee, hukuzaliwa nayo, na wewe umeitumia kumfungia mdomo mbele ya mke wake siku aliyohitaji kuufungua. Miaka sita umeona "sawa baba" ni upumbavu wa mtu wa bara. Huyo ni mtu aliyekubali kuonekana muuaji ili wewe usiaibike sebuleni kwake. Feni uliiangalia ya nini? Ungemwangalia yeye.

Swali lako la samaki nimelipeleka kwa Morgan, anayefuga na kuuza samaki wa mapambo kule Mkomani. Nilimsomea barua yako kwa simu. Nilipofika kwenye sabuni alisema "yallah," nilipofika kwenye kifuniko cha mapenzi akaniomba nisimame kidogo. Anakwambia hivi: ule utelezi ndio mali yenyewe. Samaki hujisaidia humo humo wanamoogelea, na uchafu wao ni sumu usiyoiona. Kwenye sponji na mawe huota vijidudu vizuri vinavyoila hiyo sumu, na huchukua wiki nne mpaka sita kuongezeka vya kutosha. Hayo ndiyo "maji yanayokomaa" uliyoyacheka. Erastus hakuwa anafuga hewa, alikuwa anafuga hao. Wewe ukawafua kwa sabuni, klorini ya mfereji na ya vile vifuniko vyako ikawamalizia waliobaki, na siku hiyohiyo ikawachoma samaki mashavu wanayopumulia. Wale sita uliowaleta baadaye walikufa kwa mkojo wao wenyewe, hakuna wa kuusafisha.

Kwa hiyo, kile kichupa cha Erastus kilikuwa cha kuondoa klorini. Ndicho kilichowaweka hai wale kumi na mmoja muda wote. Alikwambia mwenyewe asubuhi ile, ukaelewa, ukaniandikia mimi nisiyewajua. Na bado kila siku binti yako anaposema ni dawa ya Erastus, wewe unakula.

Sasa hiyo hila yako ya kuleta samaki na kusema ni wa Erastus. Umemsingizia kuua, leo unataka kumsingizia kufufua. Acha. Mweri akimwita arudi kwa sababu ya samaki ambao hakuwaleta, Erastus atarudi kwenye nyumba yenye uongo wa pili, na ataunyamazia huo pia, unamjua. Tangi linataka wiki sita. Ndoa ya mwanao haina wiki sita. Mwanamume akishazoea kulala kwa rafiki, na mwanamke akishazoea kumlaumu asiyekuwepo, hakuna pampu ya kurudisha hapo.

Utasema leo. Barua yako imetoka leo, na majina umebadilisha, sawa, lakini hebu niambie Miritini ina sebule ngapi zenye tangi tupu, mzee wa Kisauni na paka anayeitwa Dhahabu? Nilikaa na karatasi hii siku mbili nikifikiri kama niichapishe. Nikaona ukipewa nafasi ya kungoja utangoja.

Anza na Mweri, mchana huu, mkiwa wawili. Yale ya mtaroni ndiyo utakayotaka kuyaruka, kwa hiyo yaseme kwanza. Mwambie wale wadogo walikwenda na maji siku ya tatu na kwamba ulimhesabia uongo kwenye simu jioni sita. Mwambie na yule uliyempa rangi ya mkia. Itamuumiza kuliko samaki wote, kwa sababu sote wawili tunajua ni watoto gani alikuwa anawahesabu. Halafu sabuni, halafu dawa, halafu sponji aliyoinusa mumewe akanyamaza. Usitie utani hata punje. Usimwambie "ni samaki tu." Akilia, kaa. Akikufukuza, toka nje ukae kwenye kizingiti, usiende kwa Bi Kache kutafuta wa kukuhurumia.

Kisha nenda Airport kwa Lenox, yeye Mweri akitaka kwenda nawe mwende pamoja, asipotaka nenda peke yako. Usimtume mtu, usipige simu. Erastus atakupisha kiti, atakuagizia soda, atakupa shikamoo. Usiketi wala usinywe kabla hujasema, na sema Lenox akiwepo, maana huyo naye ana wiki tatu anamtazama rafiki yake kama mtu aliyeua: "Nilisema uongo juu yako mbele ya mke wako, ulijua, ukanistahi. Nimekosa." Umeuliza baba atamwambiaje mkwe maneno hayo. Anamwambia mkwe kwa sababu mkwe hawezi kuyaanzisha. Mila iliyomfunga yeye inakuacha wewe huru, ni wewe tu kati yenu uliyeruhusiwa kusema. Atajaribu kukukatiza, "yaishe baba, yaishe." Usikubali, maliza. Na akisema "sawa baba" usiondoke ukijipongeza kwamba umesamehewa, hilo neno husema kwa kila kitu. Msamaha wake utaujua siku atakapokukatalia jambo usoni.

Lile sanduku la nguo lililoko kwa Lenox usiliguse wala usilitaje. Hilo ni la wawili, na lilikuwepo kabla ya samaki.

Tangi ni la Erastus, hutalishika mpaka akuambie. Akikuambia, Morgan anasema: suuza kila kitu kwa maji matupu mara nyingi, hiyo sponji iliyonywa sabuni itupwe, nunueni nyingine. Maji ya mfereji yakae kwenye pipa wazi siku moja au mbili na yatiwe yale matone. Ya kisima cha chumvi hapana, samaki hawa si wa bahari. Pampu ikae inafanya kazi mchana na usiku, na tieni chakula kidogo kila siku kana kwamba wamo, ili vijidudu vipate cha kuanzia. Morgan anayo sponji kuukuu, chafu, yenye utelezi mwingi kuliko uliomchukiza Bi Kache, na atawapa kipande bure mkiweke humo. Mngojee mwezi. Halafu samaki watatu tu, wakikaa wiki mbili ongezeni. Kila wiki toeni robo ya maji, si zaidi, na sponji ikamuliwe ndani ya yale maji mliyoyatoa, isionje sabuni tena maishani mwake. Chakula ni kile kinachokwisha wakati unahesabu mpaka mia. Hamri ni yako wewe.

La mwisho, na hili silijadili. Ukitoka Airport rudi Miritini, chukua nguo zako, muage binti yako uende Kisauni jioni hiyohiyo. Atasema hawezi kukaa peke yake. Muache akae. Siku tatu, siku nne, nyumba iwe na upande mtupu, asikie ni nani hasa hayupo. Mpaka sasa hajausikia, kwa sababu kila akigeuka anakukuta wewe.

Shangazi Jael